Karatasi, kompyuta ya kituo au programu ya wingu: kliniki ndogo ya Lamu ichukue ipi?

Mama mmoja wa Matondoni aliketi mbele ya dirisha la mapokezi, akaitazama skrini, kisha akaniinamia. "Mwanangu, hiyo kompyuta yasomwa na nani?" Nikamjibu: na daktari, na mimi ninayeandika. Akanyanyua macho kutazama nyuma yangu, ambako kijana wa maabara alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai. Kijana yule ni mtoto wa wifi yake. Mama akanitajia dalili mbili, nyingine akaondoka nazo.

Sasa binti ya mjomba, muuguzi wa miaka mingi, anafungua kliniki ya uzazi na magonjwa madogo huku Langoni, naye ameniuliza anunue mfumo gani wa kuweka rekodi za wagonjwa. Wauzaji wawili wameshamfuata, na wote wawili wamemtisha kwa wezi wa mitandaoni. Mimi nimemrudishia swali la yule mama. Mji huu ukiupita usita wa mui, njia kuu ya mji, kutoka Mkomani hadi Langoni, umeshasalimiana na nusu ya ukoo wako. Siri ya mgonjwa hapa huvuja kwanza kupitia mtu anayemjua. Kwa hiyo nazipima njia zote kwa kipimo hicho kabla ya kingine: nani anaweza kulifungua faili, na akilifungua, alama inabaki?

Tunazungumzia njia tatu. Ya kwanza ni karatasi: kadi, rejista na mafaili kabatini. Ya pili ni kompyuta ya kituo, yaani programu na data vyote vimo kwenye seva ndogo ndani ya jengo, na kompyuta nyingine zinaifikia kwa waya au kwa waifai ya humo humo. Intaneti ikikatika kazi inaendelea. KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo wengi tumeijua kupitia kliniki za HIV za vituo vya serikali, hutumika hivyo. Imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004. Ya tatu ni wingu: unalipia kila mwezi, data zinakaa kwenye seva za mwenye programu, nawe unazifikia kwa intaneti.

Na asije mtu akasema kompyuta ni mambo ya hospitali kubwa za Nairobi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za kompyuta kwa mashine mbili tu zilizounganishwa. Walipopima matokeo, ziara ya mgonjwa ilikuwa imepungua muda kwa asilimia 22. Faida ipo, na inafika hadi vijijini. Ninachouliza ni tunailipia kwa nini.

Alama ya aliyefungua

Karatasi ina sifa ambayo watu wa kompyuta hawapendi kuikubali. Kabati ni moja, ufunguo ni mmoja, na mwizi wa mafaili elfu tano atahitaji punda. Kwenye kompyuta mafaili hayo hayo yanaingia ndani ya flashi unayoweza kuificha kiganjani. Lakini karatasi ina kasoro moja kubwa: haisemi nani ameisoma. Faili likitolewa saa nne na kurudishwa saa nne na dakika tano, halibadiliki hata kidogo. Habari ikishafika barazani, hakuna wa kuulizwa, au wanaulizwa wote, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kompyuta inaweza kuandika kila kitu: nani, faili la nani, saa ngapi, alisoma au alibadilisha. Nimesema inaweza. Kituo kimoja nilichowahi kukitumikia, ambacho sitakitaja, kilikuwa na mfumo mzuri wenye orodha hiyo. Pembeni mwa skrini ya mapokezi palibandikwa kipande cha karatasi ya manjano: jina la mtumiaji "mapokezi", nywila ni jina la kituo na mwaka. Zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, wote waliingia kwa jina hilo. Siku habari za binti mmoja mjamzito zilipotoka, tulifungua orodha ile kwa shauku kubwa, na ikatuambia kwamba faili lake limesomwa na "mapokezi" mara kumi na nne. Tulikuwa sita.

Kwa hiyo kipengele hiki kinashindwa au kinafaulu kabla mfumo haujanunuliwa. Kama huna nia ya kumpa kila mfanyakazi jina lake na nywila yake, na kumfungia siku anapoacha kazi, bakia kwenye karatasi. Sisemi kwa kejeli. Kabati lenye ufunguo mmoja lina ulinzi zaidi kuliko mfumo wenye nywila ya ukutani.

Tukishavuka hapo, kompyuta ya kituo na wingu zinaachana njia. Seva ikiwa ndani ya kliniki, kuna mtu mwenye ufunguo mkuu wa mfumo, na mara nyingi ni fundi wa hapa hapa: shemeji, jirani, mwanafunzi wako wa madrasa. Mwenye ufunguo mkuu aweza kusoma lolote na, kwenye mifumo mingi midogo, aweza pia kuifuta alama yake. Kwenye wingu, ufunguo huo unao mtu wa Nairobi au wa ng'ambo asiyemjua mgonjwa wako wala mama mkwe wa mgonjwa wako, na wafanyakazi wako hawawezi kuigusa orodha. Ni ajabu kidogo kusema kwamba mgeni ni mtunza siri bora kuliko ndugu, lakini kwa mji wa udogo huu naona hivyo. Mgeni anauza data zote kwa pamoja au hauzi kabisa. Ndugu anataka faili moja tu, na analijua jina.

Angalia pia kama mfumo unagawa macho. Mapokezi waone jina, namba na siku ya kurudi. Maabara waone kipimo kilichoagizwa, mfamasia aone dawa na mzio, daktari na mkunga waone mengine. Ila kusiwe na mlango uliogomewa kabisa: mama akiletwa usiku anavuja damu, muuguzi wa zamu lazima aweze kufungua faili zima, aandike sababu, na mwenye kliniki apate taarifa asubuhi. Mfumo unaozuia bila mlango wa dharura utawafundisha watu kupeana nywila ndani ya wiki moja.

(Na kabla ya kutumia hata shilingi, igeuze skrini isielekee benchi la wagonjwa. Hiyo ni bure.)

Chumvi, stima na mkonga wa baharini

Hapa karatasi haijapona kama tunavyodhani. Kuta za matumbawe zinatoa unyevu, masika yanaleta ukungu, mchwa nao hawana haraka. Nimewahi kufungua faili la mtoto wa kiliniki na kurasa zikatoka zimeshikana kama mkate wa mofa uliolala. Na moto ukishika kwenye vichochoro vya upana wa punda wawili, gari la zimamoto halifiki. Faili la karatasi halina nakala.

Seva nayo inakula chumvi. Baada ya msimu mmoja wa kusi niliifungua kompyuta iliyokuwa dirishani upande wa bahari: feni imevaa utando wa kijivu wenye majimaji, matundu ya kuchomekea yameota kutu ya kijani. Feni huvuta hewa, na hewa yetu ina bahari ndani yake. Ukichagua kompyuta ya kituo, iweke chumba cha ndani, mbali na upepo, ikiwezekana mashine ndogo isiyo na feni, juu ya rafu na si sakafuni. Iwe na betri ya kuishikilia stima ikipotea ili izimwe kwa utaratibu, maana kuzima ghafla ndiko kunakoharibu data. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zikalala gizani. Kliniki yenye paneli mbili za sola na betri nzuri huendelea kuandika usiku kama huo.

Kosa kubwa la kompyuta ya kituo liko kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba. Kile kituo changu cha karatasi ya manjano kilikuwa na bakapu, tena ya kila Ijumaa. Flashi ilihifadhiwa kwenye droo iliyo chini ya seva. Dari lilipovuja, maji yalianza kwenye seva yakaishia kwenye droo. Tulipoteza miezi mitatu, na nikaingia kazi ya kuandika upya kutoka kwenye kadi za wagonjwa wenyewe, wale walioweza kuzileta. Mafundi wana kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa Lamu naiongezea neno: hiyo moja ivuke maji. Iende Mokowe au Malindi, ikiwa imefungwa kwa usimbaji ili atakayeiokota kwenye boti aone takataka tupu. Na kila mwezi jaribu kurudisha mafaili matano kutoka kwenye bakapu. Wengi hugundua kwamba bakapu yao ni tupu siku ile ile wanapoihitaji.

Wingu linakuondolea mzigo huo wote, likakutwisha mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini karibu na Durban, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Muuzaji wa wingu aulizwe maswali mawili. Intaneti ikikatika, muuguzi ataendelea kuandika kwenye tableti na data zikapanda baadaye? Na kama wauguzi wawili wameandika kwenye faili la mgonjwa mmoja wakiwa nje ya mtandao, la nani litabaki? Swali la pili huwafanya wengi wao wajikune kichwa. Jibu zuri ni kwamba yote mawili yanabaki na mtu anaitwa achague. Jibu baya ni "la mwisho linashinda", kwa sababu la mwisho laweza kuwa ndilo lisilo na maandishi ya mzio.

Njia yoyote utakayochukua, chapisha fomu thelathini zenye namba na uziweke kwenye bahasha karibu na mapokezi. Siku mfumo ukilala, zinajazwa, kesho zinaingizwa.

Wakina Mohamed Ali

Wauzaji hawaligusi hili, nami nalihofia kuliko wezi. Majina yetu ni machache na yanarudi: mjukuu anapewa jina la babu, na mfuatano wa jina, baba na babu unaweza kulingana kabisa kwa watu watatu wa mtaa mmoja. Ongeza wageni wa Maulidi, kliniki imejaa watu wa Siyu, Faza na kwingine ambao utawaona mara moja kwa mwaka. Kwenye karatasi, mgonjwa aliyesahau kadi huandikiwa mpya, naye anaishia na mafaili manne. Ni usumbufu, lakini usumbufu huo hauui kwa urahisi: daktari anaona faili jembamba na anauliza upya.

Kompyuta inaleta kishawishi cha kuunganisha. Inaona Mohamed Ali wawili wenye tarehe za kuzaliwa zinazokaribiana, inamuuliza karani: hawa ni mmoja? Karani ana foleni ya watu ishirini, anabonyeza ndiyo. Tangu hapo mwenye mzio wa penisilini na asiye na mzio ni mtu mmoja. Na wengi hapa wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikujulikana, kwa hiyo tarehe kulingana hakuthibitishi chochote.

Muulize muuzaji mambo haya: kuunganisha kunahitaji mtu wa pili kuthibitisha? Kunaweza kurudishwa nyuma? Programu zenye msingi wa OpenMRS huweka utambulisho zaidi ya mmoja kwa mgonjwa, kwa hiyo unaweza kuwa na namba ya kitambulisho, namba ya kliniki na namba ya simu pamoja. Kwa mtoto, mfungamanishe na mama. Ningependa pia jina la utani liwe na nafasi yake. Mwenye punda mweupe wa Shela hajulikani kwa jina la kwenye kitambulisho, na akiitwa kwa jina hilo hageuki.

Mwizi wa mbali naye yupo

Tarehe 12 Mei 2017 (tarehe hiyo nayo ina nuhusi, nadhani wanajimu wa zamani wa Lamu wangesema kitu) virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hakuna aliyezisasisha. Huo ni ugonjwa wa kompyuta ya kituo: siku inaponunuliwa ni mpya, miaka mitatu baadaye hakuna anayekumbuka nani alikuwa akiisasisha.

Ugonjwa wa data zilizokusanywa pamoja uliwapata Wafini. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo imeibiwa maelezo ya wagonjwa wake, wapatao 33,000. Mwizi alipokosa kulipwa na kampuni akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja, akidai euro 200 kila mtu asitoe siri zake. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Kwenye karatasi jambo hilo lingewezekana kwa mgonjwa mmoja au wawili.

Kwa hiyo wingu si salama kwa sababu tu ni wingu. Muulize mwenye programu kama data zimesimbwa zikiwa zimehifadhiwa na si zikisafiri tu, na kama kuingia kunataka namba ya siri inayotumwa kwenye simu, juu ya nywila. Akijibu "mfumo wetu ni salama kabisa", omba mwingine.

Sheria inakuhesabu wewe

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti, na mwenye kliniki ndiye mdhibiti wake, yaani anayewajibika nazo, hata kama seva iko kwa mtu mwingine. Biashara ndogo zenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha huo hauwahusu watoa huduma za afya. Data zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa watu, una saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna. Mwenye programu ya wingu ana saa 48 kukuarifu wewe. Saa hizo 48 ziandike kwenye mkataba, wengi huziruka. Na data nyeti zikitoka nje ya Kenya, unahitaji ridhaa ya mgonjwa na uthibitisho wa ulinzi zinakokwenda. Seva iko nchi gani? Lijibiwe kwa maandishi.

Karatasi nayo iko chini ya sheria hii. Na kliniki inayodai malipo SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itapeleka madai kwa mtandao hata ikipenda kabati lake kiasi gani.

Jambo moja wanalolisahau wote: kuondoka. Ukiacha kulipa, au kampuni ikifungwa, rekodi zako utazipata kwa muundo gani, na kwa siku ngapi? Kompyuta ya kituo yenye programu huria inashinda hapa bila ubishi, diski ni yako. Nimeona muuzaji akimpa mtu kurasa mia nane za picha za skrini na kuziita "data zako zote".

Nilivyomshauri

Ingekuwa zahanati ya upande wa Kizingitini, ambako mtandao unakuja na kwenda kama maji ya mkondo, ningesema kompyuta ya kituo yenye sola, na fundi anayekuja kwa ratiba iliyoandikwa. Ingekuwa hospitali yenye mtu wa kompyuta aliyeajiriwa, vivyo hivyo, na nisingefikiria mara mbili.

Yeye ana wafanyakazi wanne. Watatu ni jamaa. Hana wa kusasisha mashine wala wa kuvusha bakapu, na mkunga wake mwenyewe ni mke wa fundi pekee wa kompyuta aliye mtaani. Nimemwambia achukue wingu linaloweza kufanya kazi bila mtandao, kila mtu na nywila yake, abakize rejista moja ya karatasi ya wazazi, na kabla ya kusaini awape wauzaji wote wawili mtihani mmoja: wiki ya majaribio yenye wagonjwa kumi wa majina ya kubuni, na mwisho wa wiki waonyeshe kila aliyefungua mafaili hayo.

Wa kwanza alisema orodha hiyo "tutakuongezea baadaye". Wa pili aliifungua hapo hapo, na ilikuwa nzuri: majina, saa, alichofanya kila mmoja. Binti ya mjomba akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye jina asilolijua lililoingia mara tatu siku ya Jumanne, saa tano usiku. Ni fundi wetu wa Nairobi, akasema muuzaji, alikuwa akikagua mfumo. Hajasaini bado. Wanaandika upya kifungu kinachosema fundi akitaka kuingia aombe kwanza, na aseme kwa nini.